Nyumba Zisizo na Ufa

Mwalimu Stany Kabeya alikuwa na kompyuta sita na wanafunzi thelathini na wanne, na mtu angetegemea vurugu. Wapi! Darasa lake lilitulia kuliko kanisa siku ya maziko. Watoto walibanana watano au sita mbele ya kila mashine, mmoja kashika kipanya, wengine wamejizuia hata kupumua wasije wakamtikisa mkono. Umeme ukiwapo, hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Shule ilikuwa Kasolondo, mtaa wa mji wa Kolwezi uliojisogeza nyuma ya Musonoi mpaka ukakaribia kutumbukia shimoni. Ukisimama kwenye nyumba ya mwisho ungeweza kurusha jiwe likavuka uzio wa mgodi. Kila siku, saa nane za mchana, Kampuni ya mgodi ililipua baruti. Honi ililia kwanza, kisha ardhi ikajitikisa, vumbi likadondoka kutoka darini, na watoto wa mstari wa mbele wakazikumbatia zile skrini zisianguke. Halafu somo likaendelea.

"Kontrol na S!" mwalimu alipiga kelele kila baada ya dakika chache. "Mufanye sauvegarde! Courant haina rafiki!"

Vidole vikagonga kwa pamoja, kazi ikahifadhiwa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyowapa, kabla hata ya kuwafundisha kuandika majina yao, kwa sababu umeme wa Kolwezi huondoka bila kuaga na kazi ya mtoto ya saa nzima huondoka nao.

Mwezi ule walikuwa wanajifunza kutengeneza picha. Walikwisha kujua kuikata, kuing'arisha, kuondoa kivuli usoni. Sasa walifika kwenye chombo walichokipenda kuliko vyote.

"Muangalie hapa," alisema Stany. "Hii banaita tampon. Unatafuta pahali ukuta iko muzuri, unakamata kipande, unapeleka pahali ukuta iko mubaya. Polepole. Ukiharakisha, bantu bataona."

Kuta zenyewe zilikuwa za kwao. Wazo hilo lilikuwa la Stany, na aliona fahari nalo. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba itachukua nyumba hamsini za mwisho za Kasolondo kabla ya mvua, na kila familia ipeleke dosye yake: nakala ya kitambulisho, karatasi ya kiwanja, na picha nne za nyumba. Chifu wa mtaa, Tata Kabongo, aliwakusanya watu akawapa ushauri ambao hakuna aliyemtuma autoe. "Nyumba ya muzuri, batalipa na nyumba ya muzuri," alisema. "Nyumba ya kuanguka-anguka, nani atakupatia kitu juu yake?" Watu waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno la maana, na neno la maana halihojiwi hata likiwa limetoka hewani.

Tena Kolwezi hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera jinsi alivyoamka. Mchimbaji atokaye shimoni ataoga, ataazima shati la jirani, ataazima na saa. Hata marehemu, picha yake ya msibani hupelekwa kwanza kwa mpiga picha ikatolewe ukonde wa ugonjwa. Picha ni ya kukuonyesha unavyotaka ujulikane. Kwa hiyo Stany alichukua kamera moja ya shule, akapiga picha nyumba za wanafunzi wake na za jirani zao, na watoto wakaanza kuziba nyufa.

Na nyufa zilikuwapo! Baruti ya miaka minne ilikuwa imezipasua kuta zote za upande ule. Nyumba ya Stany mwenyewe ilikuwa na ufa uliotoka kona ya dirisha la jikoni ukapanda mpaka kwenye bati, na mtu aliweza kuingiza vidole vinne ndani yake. Binti yake Mianda, msichana wa miaka kumi na mitano na mkono mwepesi kuliko wote darasani, aliuondoa kwa robo saa. Akaondoa na madoa ya mvua, akang'arisha rangi. Huguette, mama yake, aliitwa aache kidogo beseni lake la bitumbula, maandazi ya kuuza, pale langoni mwa shule aje kutazama.

Huguette alisimama mbele ya skrini na mikono imejaa unga. "Mama yee," alisema. "Hii njo kwetu? Kumbe tunakaa mu nyumba kama hii?"

Darasa zima likacheka, na Stany akacheka zaidi ya wote. Miaka kumi na minane ya ualimu, hakuwahi kufundisha kitu ambacho wazazi wenyewe walikuja kukitazama. Sasa walipanga foleni nje ya darasa, wakiulizana zamu. Kwa majuma mawili watoto walitengeneza nyumba arobaini na moja, na picha zikapelekwa kwa Amadi, mwenye duka la kuchapa picha kwenye soko la Musonoi, naye akazitoa kwenye karatasi ya kung'aa.

Walikuwapo tisa waliokataa. Baadhi walikuwa wamegombana na chifu tangu zamani na hawakutaka kufuata neno lake lolote. Aliyekataa kwa sababu yake mwenyewe alikuwa Mama Bilonda, jirani wa ukuta kwa ukuta na Stany, mjane ambaye mumewe alifanya kazi kwenye machimbo ya Kingamyambo mpaka mapafu yakamwisha. Stany alimfuata mara mbili kumshawishi.

"Mwalimu," mama alimwambia mara ya pili, "mutu eko mugonjwa. Unamupeleka ku hospitali. Utamupaka kwanza pudra?"

"Hapana hospitali, mama. Hii njo dosye."

"Nyumba yangu inagonjwa. Bamuone vile iko."

Alikwenda mwenyewe kwa Amadi, akamleta, akapigwa picha na nyumba yake yenye nyufa tatu kama ilivyo, yeye kasimama mlangoni na kitenge kilichopauka. Wanafunzi wa Stany walipoiona ile picha dukani walimhurumia.

* * *

Orodha zilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa chifu. Zilikuwa mbili, na hazikuhitaji msomi.

Ya kwanza ilisema: nyumba zilizoharibiwa na baruti. Wenye nyumba hizi watapewa nyumba mpya ya matofali, vyumba viwili na mlango wa chuma, kwenye uwanja mpya ng'ambo ya barabara kuu. Majina tisa. La nne lilikuwa Bilonda.

Ya pili ilisema: nyumba zisizo na madhara. Wenye nyumba hizi watapewa mabati kumi na tano na nafasi ndani ya lori, na wataondoka kama wengine. Majina arobaini na moja.

Watu walisoma, wakasoma tena, kisha wakamgeukia Tata Kabongo, ambaye jasho lilikuwa limekwisha kumlowesha kola. Jina lake nalo lilikuwa kwenye orodha ya pili.

"Weye njo ulisema nyumba ya muzuri!" mwanaume mmoja alipayuka.

"Mi nilisema vile bantu banasema," chifu alijitetea.

"Bantu gani?"

Chifu alimwangalia Stany, na macho ya umati yakafuata ya chifu. Stany alihisi uso wake unapata moto. Ni kitu kidogo sana, kutazamwa, lakini siku ile kilimrudisha nyuma hatua mbili.

Wakala wa Kampuni alikuwapo, mwanamke mtulivu aliyeitwa Madame Valérie, mwenye kofia nyeupe ya kazi na kalamu iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alizungumza kwa upole, na upole wake uliwanyima watu hata mtu wa kumkasirikia.

"Sisi tulifuata dosye," alisema. "Mu ma photo yenu, manyumba iko nzima. Ukuta hakuna hata alama. Nitaandika namna gani kama baruti iliharibu?"

"Madame, mukuye muone!" Huguette alisema kwa sauti. "Kwangu mukono inaingia mu ukuta!"

"Mama, dosye tulifunga tarehe makumi tatu. Ku mutaa ingine, kisha kufunga, bantu balikamata nyundo, balipasua manyumba yao benyewe. Sasa kama ninakuya kuona leo, nitajua aje?" Akafunika kalamu yake. "Kitu iko mu dosye, njo kitu iko."

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Kasolondo waliziba nyufa zao zote, wakazilaza vizuri kwenye karatasi ya kung'aa, na sasa walikuwa wanapoteza ukuta, paa na kiwanja. Sicheki, lakini ningekuwa nacheka, ningeanza na huyo aliyetunga methali.

* * *

Siku ya Jumatano, baruti ya saa nane iliuangusha ukuta wa jikoni kwa Stany. Haukuanguka kwa kishindo. Uliegemea nje taratibu, ukakaa chini na vumbi lake. Huguette alikuwa uani anachekecha unga, na hakuumia.

Asubuhi yake vijana wawili wa Kampuni walikuja na daftari. Walipiga picha matofali, wakapima, wakaandika. Stany aliomba kuona walichoandika. Mmoja akamwonyesha bila kinyongo: *Ukuta ulibomolewa baada ya dosye kufungwa.*

"Ulibomolewa na nani?" Stany aliuliza.

"Tata, mi sijue. Mi ninaandika."

Tangu siku ile bitumbula vya Huguette havikununuliwa. Wanawake waliokuwa wakimwita dada pale bombani walichota maji yao wakampa mgongo. Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa na ambaye alikuwa amemkumbatia Mianda kwa furaha mbele ya darasa, alimwambia Huguette waziwazi: "Mutoto yako njo alifunga mulango yangu." Huguette alirudi nyumbani na beseni limejaa. Familia ilikula bitumbula asubuhi na jioni kwa siku tatu, na hakuna aliyesema vimemchosha.

"Tafuta ma photo ya kwanza," alimwambia mumewe. "Ile yenyewe, mbele batoto babadilishe. Ukiwaonyesha ile, bataamini."

Stany alikuwa amekwisha kulifikiria hilo, na aliogopa kulifikiria mpaka mwisho. Alikwenda shuleni na Mianda. Waliwasha mashine moja baada ya nyingine. Katika kila moja walikuta picha zimepangwa vizuri kwa majina ya familia, na katika kila moja ukuta ulikuwa safi. Hakukuwa na picha ya pili nyuma yake. Kontrol na S, Kontrol na S: kila mtoto alikuwa ametii, na kila alipotii, picha safi ilikalia ile yenye ufa mpaka ile yenye ufa ikatoweka duniani. Kadi ya kamera nayo ilikuwa moja tu. Stany mwenyewe aliifuta kila jioni ili kesho yake ipate nafasi.

"Tata, hakuna namna ya kurudisha?" Mianda aliuliza.

"Hakuna."

"Lakini iko namna ya kulinda ya kwanza? Mbele ya kubadilisha?"

Ilikuwapo. Kuhifadhi kwa jina jingine: amri mbili chini ya ile waliyokuwa wakiigonga kila dakika. Stany aliijua tangu alipojifunza kompyuta. Hakuifundisha kwa sababu mashine zilikuwa zimejaa, kwa sababu umeme ungekatika watoto wangali wanafikiria jina, kwa sababu ilikuwa kwenye somo la muhula ujao. Alikuwa na sababu tatu, zote nzuri, na aliona aibu mbele ya mtoto wake kiasi kwamba alijifanya anakagua waya.

"Iko," alisema hatimaye. "Sikuwafundisha."

* * *

"Enda useme kweli," Huguette alimwambia.

"Nikisema kweli, bataandika tulidanganya."

"Hatukudanganya. Tulijipamba."

"Huguette, ku biro ya Kampuni hakuna kujipamba."

"Basi tukae kimya, twende na mabati kumi na tano? Tutaipiga juu ya nini? Juu ya kichwa?" Kwao Huguette kulikuwa Musumba, huko Kapanga, na barabara ya kwenda huko ilimla mtu siku nne wakati wa kiangazi. "Mi sitarudi kwa baba yangu na batoto na mabati, Stany. Enda."

Alikwenda Ijumaa, akamchukua Mianda kama shahidi. Ofisi ya Kampuni ilikuwa konteina iliyopakwa rangi ya buluu. Mlinzi aliwaandika majina, akawaambia wakae kwenye benchi, na benchi lilikuwa juani. Watu wenye viatu vya ngozi walifika baada yao wakaingia kabla yao. Stany alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Kila mlango ulipofunguka alisimama nusu, akakaa tena, mpaka mlinzi akamwambia, "Tata, ukae tu. Batakuita." Mianda alitazama pembeni ili baba asijue kwamba amemwona.

Walipoingia, Madame Valérie aliwapa viti na kuwasikiliza mpaka mwisho. Stany alieleza yote, darasa, tampon, ushauri wa chifu, hata Kontrol na S. Alipomaliza, yule mwanamke alikunja uso, si kwa hasira. Hakuamini.

"Batoto ya masomo? Njo balifanya ile ma photo?" Alifungua kompyuta yake, akapitisha picha moja moja. "Mwalimu, nilifanya kazi na bantu ya imprimerie, bantu ya kuchapa. Hii ni kazi ya mutu mukubwa. Mi ninaona unatafuta kusaidia bantu yako, na ninakuheshimu. Lakini siwezi kuandika hii."

"Mutoto ataonyesha," alisema Stany.

Neno hilo lilimtoka kabla hajaligeuza upande wa pili. Madame Valérie alimwangalia msichana, kisha akamgeuzia mashine. Ilihitajika picha yenye ufa, na katika dosye za Kasolondo zilikuwapo tisa tu. Ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya Mama Bilonda, kasimama mlangoni na kitenge chake.

Mianda alimtazama baba yake. Stany akaitikia kwa kichwa: fanya.

Alianza kwa woga, lakini baada ya dakika mbili mkono ulisahau uko wapi. Aliukamata ukuta mzuri chini ya dirisha, akaupeleka juu ya ufa wa kwanza, akalainisha ukingo. Wa pili. Wa tatu, ambao ulipita nyuma ya bega la Mama Bilonda na uliohitaji uangalifu, akaukaribia tone kwa tone. Mafundi wawili waliokuwa meza ya pili waliinuka wakaja kusimama nyuma yake. "Eh, huyu mutoto!" mmoja alisema. "Madame, tumupatie kazi huyu!" Wakacheka, wakapiga makofi. Na Stany, ambaye alikuja pale kujishitaki, alijikuta kifua kimejaa. Ndiye aliyemfundisha. Kwa muda huo mfupi alisahau benchi, ukuta, orodha, kila kitu.

"Muzuri sana," alisema Madame Valérie, na alimaanisha. Aliinama karibu na skrini. "Sasa niambie. Unaweza kutosha ufa, kuiondoa. Unaweza pia kuitia? Pahali haikuwa?"

Mianda alikuwa mwanafunzi mwema aliyeulizwa swali ambalo jibu lake alilijua. "Ndiyo, madame. Ile njo rahisi zaidi."

"Onyesha."

Alirudisha nyufa za Mama Bilonda, akaunyakua mmoja, akaupandisha kwenye ukuta wa nyumba ya chifu, kutoka mlangoni hadi kwenye paa. Haikuchukua dakika moja. Mafundi hawakupiga makofi safari hii. Madame Valérie aliitazama ile picha, kisha akaandika mistari michache kwenye daftari. Aliuliza jina kamili la msichana na herufi zake, akaliandika nalo.

Kisha akawapa chupa ya maji kila mmoja, akawasindikiza hadi mlangoni. "Aksanti, mwalimu. Mumetusaidia sana."

Walirudi kwa miguu, wakinywa maji baridi kidogo kidogo ili yasiishe haraka. Jioni hiyo Stany alisimama uani akawaambia majirani kwamba mama yule ameelewa, ameona kwa macho yake. Watu wakasogea. Mtu mmoja alimpa mkono. Siku ya pili bitumbula viliisha kabla ya saa tatu, na Huguette alirudi nyumbani akiimba.

* * *

Bahasha zililetwa Alhamisi, hamsini, moja kwa kila mlango. Stany alisoma ya kwake amesimama. Dosye yake imefutwa kwa sababu ya picha za kughushi. Hatapewa nyumba, hatapewa mabati, hatapewa lori. Aondoke katika siku nane. Kufika saa nne ilijulikana kwamba wote arobaini na mmoja wameandikiwa hivyohivyo, na kila mmoja alijua nani alikwenda ofisini kusema. Mtu alipita barabarani akatema mate mbele ya uzio wa mwalimu. Mwingine alisimama akamtukana mama yake aliyekufa, kwa utulivu, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo. Stany alikaa ndani. Huguette alikuwa anafunga vyombo kwa kamba, na alipomwita mumewe amshikie ncha, hakumwangalia usoni.

Mchana, baada ya baruti, Mama Bilonda alibisha hodi. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Mkononi alikuwa na bahasha yake, haijafunguliwa.

"Mwalimu, unisomee," alisema. "Kifaransa yangu ni ya ku soko. Iko numero ya nyumba ndani. Nilishafunga bitu yangu, ninangoja tu numero."

Huguette aliacha kufunga kamba. Mianda alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa.

Stany angeweza kusema ana kazi. Lakini kwa miaka yote hii ndiye aliyewasomea watu wa barabara ile barua zao, za hospitali, za mahakama, za watoto walioko mbali, na hakuwahi kumrudisha mtu. Aliipasua bahasha. Alisoma mpaka mwisho kwa macho tu, na alipofika mwisho akarudi mwanzo, akitafuta mahali pa kushika. Mama Bilonda alimngojea kwa subira, ameinamisha sikio.

"Banasema…" Stany alisema. "Banasema orodha ya kwanza nayo imekufa, mama. Hakuna mutu wa Kasolondo atapata nyumba. Banasema utoke mu masiku munane."

Mama Bilonda alitazama karatasi, si uso wa Stany. "Mi pia?"

"Weye pia."

"Lakini mi nilionyesha vile iko."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini sasa? Sababu gani?"

Mstari ulikuwapo. Ulikuwa mrefu, katikati ya ukurasa, umepigwa kwa mashine safi kabisa. Stany aliuona, akaupita kwa macho kama mtu anavyovuka shimo barabarani.

"Habakuandika," alisema.

Mama Bilonda alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Alinyoosha mkono apewe karatasi yake. Ndipo Mianda aliposimama kutoka kwenye godoro, akaja nyuma ya baba yake, akachungulia begani.

"Tata," alisema, "umeruka mustari moja."

"Mianda, kaa."

"Umeruka, tata. Iko hapa."

Akaichukua karatasi mkononi mwa baba, na baba hakuishikilia. Akaweka kidole chini ya maneno, akaanza kusoma kwa Kifaransa na kumgeuzia mama kwa Kiswahili, neno baada ya neno, polepole, bila kuharakisha. *Juu siku ya Ijumaa, mbele ya komisyo ya Kampuni, na baba yake eko pale, mutoto ya masomo alikamata photo ya nyumba ya Mama Bilonda, alitosha nyufa yote, kisha aliirudisha, alitia ingine ku nyumba ya mutu mwingine, na komisyo iliona kama hakuna photo hata moja ya Kasolondo inaweza kuaminiwa. Mutoto ile jina yake…*

Alisimama kidogo hapo, kidole kikiwa chini ya neno. Kisha akalisoma na hilo, jina lake lote, herufi zote zikiwa sawa.